Kitshanga: Somo la kemia lililomo ndani ya bidoni ya maziwa

Kila asubuhi, kwenye malisho yanayouzunguka mji wa Kitshanga, maziwa hushuka milimani ndani ya bidoni za njano. Mengine hubebwa kichwani, mengine hufungwa nyuma ya pikipiki. Wanaoyabeba huwa na haraka, nayo ina sababu. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yakikaa kwenye joto mpaka alasiri bila kuchemshwa, mnunuzi huyanusa mara moja na kuyakataa. Mahali pasipo na umeme wa uhakika wala friji, saa chache ndizo zinazotenganisha faida na hasara.

Kinachotokea ndani ya bidoni katika saa hizo ni kemia, tena ile ya mwanzo kabisa ambayo mtu anayesoma biolojia anapaswa kuielewa kabla ya kufungua sura ya chembehai. Bahati mbaya, wanafunzi wengi wa Masisi hukutana nayo ubaoni tu.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mwanafunzi wa sekondari anayependelea udaktari, uuguzi, kilimo au mifugo kwa muda mrefu amekuwa akielekezwa kwenye chaguo la biolojia na kemia, ambalo wenyewe hulifupisha wakaliita bioshimi. Masomo hutolewa kwa Kifaransa. Mwishoni kuna mtihani wa serikali, ambao nchi hiyo imekuwa ikiutoa tangu miaka ya 1960, na maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu moja kati ya kadhaa. Shule nyingi za vijijini katika Kivu Kaskazini hazina maabara. Matokeo yake, kemia humezwa kama kasida: alama za elementi, fomula, majina marefu. Mwanafunzi anaweza kuandika fomula ya asidi laktiki bila kosa na asijue kwamba ameinywa asubuhi hiyohiyo kwenye kikombe cha mashanza, maziwa ya mgando ya nyumbani kwao.

Na Kitshanga si mahali ambapo mtu anaweza kusema maabara itajengwa mwakani. Mji huo, ulio katika uchifu wa Bashali, kama kilomita 80 hivi kutoka Goma kwa barabara inayopitia Sake, umekuwa kwa miaka mingi kimbilio la watu waliohamishwa na vita. Kambi za Mungote na Kahe zilizaliwa hapo. Februari na Machi 2013, mapigano kati ya jeshi la serikali na kundi la APCLS yaliteketeza sehemu kubwa ya makazi. Januari 2023 mji ukaangukia mikononi mwa M23, na maelfu ya wakazi wakakimbia, wengine mpaka kwenye kambi za pembezoni mwa Goma. Katika hali hiyo, maabara iliyo karibu zaidi na mwanafunzi ni sufuria ya jikoni.

Sufuria hiyo ina mengi ya kufundisha.

Maziwa ya ng'ombe ni maji kwa takriban asilimia 87. Kinachobaki ni mafuta, protini, sukari iitwayo laktosi, na chumvichumvi, kalsiamu ikiwa mojawapo. Swali la kwanza la kemia ni rahisi, ingawa ni wachache wanaoliuliza: kwa nini vitu hivyo vyote hukaa pamoja bila kutengana? Mafuta huelea taratibu na kuwa malai, hilo kila mama analijua. Protini kuu ya maziwa, kaseini, haielei wala haizami. Imejikusanya katika vifurushi vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na kila kifurushi kina chaji hasi upande wa nje. Chaji zinazofanana husukumana. Kwa kuwa vifurushi vyote ni hasi, hakuna kinachokubali kumgusa jirani yake, na vyote vinaelea majini vikiwa vimetawanyika. Mwanga unaovigonga ndio unaoyapa maziwa weupe wake.

Hapo tayari mwanafunzi ameshapata mambo mawili yanayomsumbua kwenye kitabu: kwamba chembe zinaweza kuwa na chaji, na kwamba maji si chombo kitupu cha kubebea vitu bali ni mshiriki. Molekuli ya maji ina upande wenye uchanya kidogo, ulipo haidrojeni, na upande wenye uhasi kidogo, ilipo oksijeni. Ndiyo maana maji hushikana na chumvi, na sukari, na sehemu za protini zenye chaji, lakini hayashikani na mafuta. Utando wa chembehai umejengwa juu ya tofauti hiyohiyo.

Sasa turudi kwenye bidoni iliyochelewa njiani. Ndani yake wamo bakteria wanaokula laktosi. Molekuli moja ya laktosi ina atomu 12 za kaboni. Bakteria huikata, huongeza molekuli moja ya maji, na mwisho hutoa molekuli nne za asidi laktiki, kila moja ikiwa na kaboni tatu. Hesabu inatimia: nne mara tatu ni kumi na mbili. Mwanafunzi anayelalamika kwamba kusawazisha milinganyo ya kemia hakuna maana angepaswa kuonyeshwa mfano huu kwanza, kwa sababu hapa anaweza kuuonja.

Asidi hiyo ilitambuliwa mwaka 1780 na mkemia wa Uswidi, Carl Wilhelm Scheele, aliyeipata kwenye maziwa yaliyochacha. Ilipita miaka zaidi ya 70 kabla ya Louis Pasteur, mwaka 1857, kueleza kwamba uchachu huo ni kazi ya viumbe hai. Na si bakteria pekee wanaouweza. Kijana anayesukuma chukudu iliyojaa viazi kwenye mlima wa Masisi hufika mahali ambapo misuli ya miguu inahitaji nishati haraka kuliko oksijeni inavyoweza kufikishwa. Misuli hiyo hukimbilia njia ileile ya kuvunja sukari nusunusu, na zao lake ni laktati, ndugu wa karibu wa kile kilichomo kwenye bidoni.

Asidi, kwa mwanafunzi wa biolojia, ni kitu kinachoachia ioni za haidrojeni majini. Ioni ya haidrojeni ni atomu iliyopoteza elektroni yake pekee. Hakuna ioni ndogo kuliko hiyo, na ina chaji chanya. Asidi laktiki ikizidi, ioni hizo hujaa kwenye maziwa na kuanza kuufuta ule uhasi uliokuwa ukivitenga vifurushi vya kaseini. Uhasi ukiisha, msukumano nao huisha. Vifurushi vinagusana, vinashikana, na maziwa yanaganda. Hiyo ndiyo mashanza.

Wingi wa ioni hizo hupimwa kwa kipimo kiitwacho pH. Kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Naam, Carlsberg ya bia. Alihitaji njia rahisi ya kueleza uchachu wakati akichunguza vimeng'enya, na kipimo alichokitoa kwenye kiwanda cha pombe leo kiko kwenye kila hospitali. Kinachowachanganya wanafunzi ni kwamba pH huenda kinyume: namba ikishuka, uchachu umepanda. Tena kila hatua moja ni mara kumi. Maziwa mabichi yana pH ya karibu 6.7. Kaseini hupoteza uhasi wake wote kwenye pH ya 4.6. Kwa namba inaonekana ni safari fupi, lakini ni ongezeko la ioni za haidrojeni la zaidi ya mara 100.

Mtu asiye na kifaa cha kupimia pH bado ana njia. Chai kavu isiyo na maziwa hubadilika rangi ikiwa nyepesi pale limau linapokamuliwa ndani yake, na hukoza ikitiwa maji ya majivu, ambayo yako upande wa pili wa kipimo. Limau likikamuliwa kwenye glasi ya maziwa ya uvuguvugu, maziwa hukatika papo hapo. Majaribio hayo matatu hayahitaji bajeti ya wizara. Yanahitaji mwalimu aliyeruhusiwa kutoka nje ya ratiba ya kukaririsha.

Lakini Masisi haijulikani kwa mashanza tu. Inajulikana kwa jibini. Ufundi wake uliletwa na Wabelgiji, wenyeji wakaumiliki, na yale magurudumu madogo ya manjano, jamaa wa Gouda ya Uholanzi, yamekuwa yakiuzwa Goma na kusafirishwa mpaka Kinshasa. Limebaki hai hata baada ya sehemu kubwa ya ng'ombe wa Masisi kuporwa au kuchinjwa katika vita vya miaka ya 1990. Na kwa mtazamo wa kemia, jibini ni ufundi tofauti na mashanza, jambo ambalo vitabu vingi vya shule hulipita haraka.

Fundi wa jibini hangoji maziwa yachache mpaka mwisho. Huyapasha moto kiasi cha nyuzijoto 30 na kitu, kisha hutia matone ya dawa ya kugandisha, ambayo asili yake ni tumbo la ndama anayenyonya. Ndani ya dawa hiyo mna kimeng'enya kiitwacho kimosini. Kazi yake ni ya kushangaza kwa udogo wake. Juu ya kila kifurushi cha kaseini kuna protini moja yenye mnyororo wa amino asidi 169, ambayo ncha yake imechomoza nje kama nywele na ndiyo inayobeba uhasi mwingi. Kimosini huukata mnyororo huo mahali pamoja tu, kati ya amino asidi ya 105 na ya 106. Nywele zinanyolewa, uhasi unapungua, kalsiamu iliyomo kwenye maziwa inasaidia kuviunganisha vifurushi, na baada ya nusu saa hivi sufuria nzima imekuwa kama uji uliolala. Fundi huukata kwa kisu, maji ya kijani-manjano yanatoka, naye hukandamiza kilichobaki na kukizamisha kwenye maji ya chumvi. Kilo moja ya jibini hula karibu lita kumi za maziwa.

Ukweli kwamba kimeng'enya kimoja kinakata mahali pamoja tu, kati ya nafasi zaidi ya 160 zinazowezekana, ndio moyo wa somo la vimeng'enya. Mwanafunzi akishaelewa hilo kwenye sufuria, hatashangaa akiambiwa kwamba kimeng'enya kingine huigusa DNA kwenye mpangilio fulani tu.

Joto nalo lina somo lake. Maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu, hivyo wataalamu husisitiza yapashwe moto wa nyuzijoto 63 kwa dakika 30, au 72 kwa sekunde 15, kabla ya kutengenezwa jibini. Kwa nini nyuzijoto 63 zimuue bakteria lakini zisiharibu sukari ya maziwa? Jibu liko kwenye vifungo. Atomu za laktosi zimeshikana kwa vifungo imara vinavyotokana na kugawana elektroni, na joto hilo haliwezi kuvivunja. Protini za bakteria nazo zina vifungo hivyo katika mnyororo, ila umbo lao, yaani jinsi mnyororo ulivyojikunja, limeshikiliwa na vifungo dhaifu vya haidrojeni na vinginevyo. Joto huvilegeza hivyo dhaifu, protini inajikunjua, na kimeng'enya kisicho na umbo hakifanyi kazi. Fundi anayechemsha maziwa kupita kiasi naye huadhibiwa na kanuni ileile: protini nyingine za maziwa hujikunjua na kuing'ang'ania kaseini, na jibini hukataa kuganda vizuri.

Mpaka hapa, kosa lolote lingegharimu ndoo ya maziwa. Ioni hiyohiyo ya haidrojeni ina sehemu nyingine ambako kosa hugharimu zaidi.

Anayeshuka kutoka Kitshanga kwenda Goma hupita Sake, eneo la mazuku, zile sehemu za mabondeni ambako hewa ya ukaa kutoka ardhini mwa volkano hujikusanya. Hewa hiyo ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, ndiyo maana mbuzi na watoto, walio karibu na ardhi, huathirika kabla ya watu wazima waliosimama. Ikiingia kwenye damu hukutana na maji na kuwa asidi ya kaboni, nayo huachia ioni za haidrojeni. Damu ya binadamu kwa kawaida huwa na pH kati ya 7.35 na 7.45 tu. Ubongo ukihisi inashuka, huamuru mapafu yapumue kwa kasi ili kuitoa. Ndani ya mazuku, kila pumzi inaingiza zaidi ya ile iliyotoka.

Kisha kuna maji ya kunywa, na hapa ndipo kemia ya shule inapowagusa watu wa Kitshanga waliolazimika kuhama. Kivu inaikumbuka kipindupindu. Julai 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipofurika Goma, karibu watu 50,000 walikufa ndani ya mwezi mmoja, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwaka 2023 ugonjwa huo ulirudi kwenye kambi za pembezoni mwa Goma, zilizokuwa zimejaa watu kutoka Masisi na Rutshuru. Kinga ya haraka ni ileile ya siku zote: mtu anasimama kwenye sehemu ya kuchotea maji na bomba la sindano, anatia dozi ya klorini ndani ya kila bidoni, na mwenye bidoni anaambiwa asubiri nusu saa kabla ya kunywa.

Wengi hudhani klorini ni klorini. Kemia inasema sivyo. Ikiingia kwenye maji, klorini huwa katika sura mbili zinazobadilishana. Moja ni asidi ya hipoklorasi, ambayo haina chaji. Nyingine ni ioni ya hipoklorati, ambayo imepoteza haidrojeni yake na kubaki hasi. Bakteria, kama vifurushi vya kaseini, ana uhasi upande wa nje. Sura isiyo na chaji hupenya utando wake na kumuua. Sura yenye uhasi husukumwa mbali, na nguvu yake ya kuua ni ndogo sana ikilinganishwa na ya mwenzake.

Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH ya maji. Kwenye 7.5 zinagawana nusu kwa nusu. Kwenye maji ya pH 7, ile inayoua ni karibu robo tatu ya klorini yote. Na maji ya juu ya Ziwa Kivu, ambayo maelfu ya wahamiaji walikuwa wakiyachota, yana pH ya karibu 9. Kwenye pH hiyo, sura inayoua ni kama asilimia 3 tu. Mama aliyekuwa akitumia chemchemi milimani, kisha akahamia kando ya ziwa, anatiliwa dozi ileile kwenye bidoni ileile, lakini kinachotokea ndani si kilekile.

Hilo halimaanishi kwamba klorini haifai kwa maji ya ziwa. Inafaa, ila inahitaji muda mrefu zaidi wa kungoja, na inahitaji kupimwa. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, WHO, unapotaja masalia ya klorini ya angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya dakika 30, huongeza sharti ambalo watu husahau kulisoma: pH iwe chini ya 8. Maji yenye matope yana tatizo jingine. Uchafu huila klorini kabla bakteria hawajaguswa, kwa hiyo maji hayo huchujwa au kuachwa yatulie kwanza.

Kazi hiyo ya kusimama na bomba la sindano mara nyingi hufanywa na vijana wa eneo husika, baadhi wakiwa wamemaliza sekondari, wengine masomo yakiwa yamekatizwa na vita. Hufundishwa dozi, nayo hutosha kwa siku ya kawaida. Siku chanzo cha maji kinapobadilika, au mvua inapoleta tope, dozi ya jana haitoshi tena, na anayejua kwa nini ndiye atakayeongeza muda wa kungoja au kuomba maji yapimwe.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Maji kidogo hutiwa kwenye kichupa, kidonge kimoja kinapondwa ndani yake, na kichupa kinatikiswa. Kama bado kuna klorini huru, maji hugeuka rangi ya waridi, na kadiri inavyozidi ndivyo waridi linavyokoza. Maji yakibaki meupe, bidoni hairuhusiwi kwenda nyumbani.